Spea Itatoka Wapi? Injini za Liemba na Swali la Gereji ya Buyenzi

Mhadhiri wetu alitupa kazi ya likizo: kila mmoja achague chombo kimoja cha usafiri kilichofanya kazi katika eneo letu, aandike historia yake. Mimi nilichagua meli ya Liemba, na nadhani nusu ya darasa walichagua hiyohiyo. Nilikwisha andika kurasa mbili, zote zikirudia sifa zinazojulikana: meli ya Wajerumani iliyozama, ikaibuliwa, na injini zake zikakutwa bado zinafaa. Kisha nikaenda kukaa kwa mjomba wangu Buyenzi, na gari dogo lililokuwa katika gereji yake likanifanya nizifute kurasa zile.

Wanaoijua Bujumbura wanajua kwamba gari likishindikana kwingine hupelekwa Buyenzi. Gari hili lilikuwa la mwalimu mstaafu, na halikutoka kiwandani likiwa zima. Lilikuwa gari la vipande: bodi nyepesi ya faiba iliyonunuliwa peke yake, ikafungwa juu ya chasisi ya Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo kama wa kobe. Mtindo huo ulianzia California mwaka 1964 kwa mtu aitwaye Bruce Meyers, ukaenea kwa sababu mtu mwenye spana na subira aliweza kujiundia gari nyumbani. Mwalimu alilinunua zamani kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Injini yake, ambayo hukaa nyuma na kupozwa kwa hewa, ilikuwa imepasuka bloku. Ikabidi itafutwe nyingine.

Kwa siku tatu gereji nzima ilibishana. Wapo waliosema Toyota, maana spea zake unazipata kila duka la mtaa ule. Mjomba akakataa: injini ya Toyota ni ndefu na nzito, ukiitundika nyuma ya ekseli ya gari jepesi namna hii, mbele kutainuka na usukani hautashika barabara. Wengine wakataja Subaru, kwa kuwa silinda zake zimelala ubavu kama za Volkswagen, na kwa bamba la kuunganishia zinakubali giaboksi ileile. Lakini Subaru inapozwa kwa maji. Ingebidi kuweka rejeta mbele na kupitisha mabomba chini ya gari zima, tena Subaru zenyewe mjini kwetu si nyingi. Kijana mmoja akapendekeza injini ya pikipiki. Wakamcheka, kisha wakamweleza kwamba haina gia ya kurudi nyuma.

Mwalimu muda wote alikuwa akiuliza habari ya nguvu. Injini hii ina nguvu kiasi gani, ile je? Mwishowe mjomba akamjibu kwa upole: “Mwalimu, nguvu siyo shida. Gari lako halina uzito. Niulize ikiharibika mwakani, spea itatoka wapi.”

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi juu ya Liemba, wala sikuwa nimeuliza swali hilo hata mara moja.

Liemba nayo ni chombo cha vipande. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani (jina limefanana tu na la yule bwana wa California), kisha ikafunguliwa yote, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam. Kutoka hapo masanduku yalisafirishwa kwa reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu wa kiwanda walikuja nayo ili kuiunga upya. Iliteremshwa majini Februari 1915, ikiitwa Graf von Goetzen, jina la gavana aliyetawala Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia 1901 hadi 1906, ndiye aliyekuwa madarakani wakati wa vita vya Maji Maji.

Injini zake zilikuwa za mvuke. Siku hizi tunaona mvuke ni teknolojia ya kizee, lakini tukipima kwa kipimo cha Buyenzi, kwa mwaka 1913 ulikuwa uamuzi wa busara. Boila haichagui sana kinachowaka ndani yake: makaa ya mawe yakichelewa, kuni zipo ufukweni. Vyuma vya injini ya mvuke ni vikubwa na vinaonekana kwa macho. Fundi mwenye tanuri na nyundo anaweza kutengeneza kipande kilichovunjika bila kuandika barua Ulaya. Kwa meli ambayo njia yake ya pekee ya kupata vifaa ilikuwa reli moja ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini, hilo lilikuwa jambo kubwa, hasa vita vilipoanza na Waingereza wakaifunga pwani.

Waingereza wenyewe walifanya uchaguzi wa kinyume kabisa. Mwaka 1915 walileta ziwani boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zenye injini za petroli, nyepesi na za kasi. Zilisafirishwa kutoka Uingereza hadi Cape Town, zikapandishwa treni hadi Kongo, zikakokotwa milimani, na kila tone la petroli likabidi lije nazo. Zilifanya kazi iliyozileta: Desemba 26, 1915 ziliiteka Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Baada ya hapo habari zao ziwani zinakwisha upesi. Zilikuwa injini za vita vifupi, na aliyezichagua hakuwa na haja ya kufikiria mwaka wa kumi.

Sasa nije kwenye sehemu inayopendwa na wasimuliaji wote. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wanaiacha Kigoma, waliamua kuizamisha Goetzen wasije wakaiachia adui. Kazi hiyo waliifanya mafundi walewale walioiunga. Kabla ya kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, Julai 26, walizipaka injini grisi nene. Wabelgiji waliiibua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza waliiibua Machi 16, 1924, wakakuta boila na injini bado zinafaa, na Mei 16, 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba.

Kisa hiki husimuliwa kama sifa ya chuma cha Kijerumani. Mimi sikubali, au niseme nakubali nusu. Chuma kilikuwa kizuri, sawa. Lakini chuma chochote kikikaa majini miaka minane bila grisi kitaliwa. Kilichoziokoa injini zile ni uamuzi wa watu watatu waliojua kwamba injini nyingine ya namna ile haitapatikana karibu, na waliotumaini kurudi. Nilipomsimulia mjomba, alitikisa kichwa na kusema hata yeye gari la mtu aliyekimbia nchi humwagia oili ndani ya silinda kabla ya kulifunika turubai, maana huwezi kujua mwenyewe atarudi lini. Amewahi kufanya hivyo kwa magari mangapi, hakuniambia, nami sikuuliza.

Na kuna uamuzi wa pili usiosemwa. Mwaka 1924 injini za dizeli za meli zilikwisha kuwapo duniani. Waingereza wangeweza kutoa mvuke na kuweka nyingine. Walipozikuta zile za zamani zinafaa, walizisafisha wakaendelea nazo, na ziliendelea kufanya kazi kwa karibu nusu karne. Koloni halikuwa na sababu ya kutumia fedha nyingi kwa ziwa lililo mbali na bahari. Kilichopo kikifanya kazi, basi. Kwa hiyo maisha marefu ya injini zile, ambayo watalii huyasifu, kwa sehemu ni kipimo cha jinsi ziwa letu lilivyowekwa nyuma katika mipango ya watawala. Hili najua baadhi ya wenzangu darasani hawatalipenda.

Mvuke uliondolewa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Wakati huo meli ilikuwa chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na mali iliyokuwa kwake. Liemba ikabaki Tanzania, ikiwa na injini za dizeli, au mazutu kama tusemavyo Bujumbura. Mwaka 1993 ilifanyiwa matengenezo mengine makubwa kwa msaada wa Denmark, ikapata injini mpya tena.

Wapo wanaosikitika kwamba mvuke ulitolewa. Wanataka meli ibaki kama makumbusho. Nadhani ni watu wasiopanda meli kwa shida. Boila inahitaji saa kadhaa kuchemka kabla chombo hakijaondoka, inahitaji watu wa kuilisha moto usiku na mchana, na inakula nafasi ambayo ingebeba abiria na magunia ya dagaa. Zaidi ya hayo, kufikia miaka ya 1970 jibu la swali la mjomba lilikuwa limegeuka: hakuna aliyekuwa bado anatengeneza spea za injini ya mvuke ya 1913, na mafundi walioijua walikuwa wanastaafu. Dizeli ilikuwa kwenye kila lori. Bei yake ni kwamba kuanzia hapo meli haikuweza tena kuokota moto wake ufukweni. Kila safari ilitegemea mafuta yaliyosafirishwa kutoka pwani, na kila kifaa kilichoharibika kilitegemea kiwanda cha mbali na pesa za kigeni.

Sisi wa Bujumbura tuliwahi kuwa kituo cha meli hiyo. Safari zake za huku zilikatika wakati wa vita vya kwetu, ikabaki kwenda kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliikodi kuwarudisha Wakongo zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira, ng’ambo tu ya maji tunayoyaona kutoka ufukweni kwetu.

Kisha ikaja 2015. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwa Warundi waliofika Kagunga mwezi Mei mwaka ule. Kagunga ni kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, hakina barabara ya kutokea. Makumi ya maelfu ya watu walikusanyika ufukweni pale, kipindupindu kikazuka. Njia ilikuwa moja, kwa maji, na chombo kikubwa kilichokuwapo kilikuwa Liemba, yenye nafasi ya watu 600. Hata tukihesabu watu 30,000 peke yao, hizo ni safari 50. Gati halikuwapo, meli ilisimama mbali na watu wakapelekwa kwa mitumbwi na boti ndogo. Shangazi alingoja siku sita na mtoto anayeharisha. Aliniambia kwamba usiku watu walikuwa wanalala wamegeuza sikio upande wa ziwa, kwa sababu mngurumo ulisikika kabla taa hazijaonekana, na usiku ambao mngurumo haukusikika watu walianza kuulizana kama injini imekufa.

Sikujua cha kumjibu aliposema hivyo. Nilichofanya ni kurudi kwenye tarehe zangu na kuhesabu: injini iliyokuwa ikisubiriwa pale ufukweni ilikuwa na umri wa miaka 22. Mtoto yule, binamu yangu, sasa yuko sekondari.

Baada ya miaka michache meli ilisimama Kigoma, na mwishoni mwa 2023 serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa kuikarabati upya. Nilipomsomea mjomba habari hiyo, alikuwa chini ya gari la mwalimu. Alikuwa ameamua. Hakuweka Toyota wala Subaru: alinunua injini mbili za Volkswagen zilizokufa, akachukua bloku ya moja na vichwa vya nyingine, na vilivyobaki akavifunga kwenye gunia, akamkabidhi mwalimu ayaweke chini ya kitanda. “Hiyo ndiyo spea yako,” alimwambia, “usimwazime mtu.”

Kuhusu Liemba aliniuliza kutoka kulekule chini kama injini za zamani watazitupa au wataziweka kando. Jumamosi iliyofuata gari liliwaka. Mwalimu alilizungusha mtaani mara moja tu, kwa sababu kituo cha esansi kilikuwa na foleni na tangi lilikuwa na lita mbili.