Gari la Babu na Daftari Lake

Ukiona vyaelea, ndugu msomaji, jua vimeundwa. Na ukiona gari la zamani linang'aa, jua kuna mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Babu yangu wa Ngara alikuwa na Peugeot 404, ile ya viti safu tatu. Aliinunua mwaka 1971 kwa padri mmoja, ikiwa imeshatumika. Enzi hizo 404 ilikuwa na jina bwana! Ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Kisha ukaja ukata. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina. Fedha za kigeni hakuna, spea hakuna. Watu wakatunza magari, si kwa mapenzi tu, bali kwa sababu ukiliua hupati lingine. Babu aliandika kila kitu katika daftari: oili, plagi, breki, hata pancha ya Lusahunga akielekea Biharamulo.

Mwaka 1984 serikali ililegeza kamba. Mwenye fedha zake za nje akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Taratibu magari ya Kijapani yaliyotumika yakaingia, na utunzaji ukaanza kushuka bei.

Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo. UNHCR ilikadiria watu 250,000 kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji, ikawa na soko. Kila mwenye biashara akataka gari.

Mchuuzi mmoja wa Biharamulo akaja kwa babu. Boneti hakufungua. Alichungulia nyuma tu, akihesabu mikungu mingapi ya ndizi itaingia. Babu akamletea daftari.

"Mzee wangu, mimi nanunua gari, daftari la nini?"

Babu kimya. Ndani ya nyumba alikuwepo mama yangu, kidato cha kwanza, karudishwa kwa kukosa ada. Wakapatana.

Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwao, na Benaco ikabaki tupu. Ile 404 nayo ilikuwa imeshakufa, imepandishwa juu ya mawe nyuma ya duka. Miaka 23 ya kutunzwa, miwili ya kubebeshwa ndizi.

Mama alimaliza shule. Daftari tunalo mpaka leo. Waandishi wenzangu, tunaohangaika kutafuta visa mbali, hebu tuanze kupekua masanduku ya nyumbani.