Mahali kilipo kifuko cha mshipa wa ubongo huongeza au hupunguza hatari ya kupasuka

Takriban watu watatu katika kila watu wazima 100 duniani wana kifuko kidogo kilichovimba kwenye mshipa wa damu wa ubongo, hali ambayo madaktari huiita aneurizimu. Wengi wao huishi hadi uzeeni bila kujua. Lakini kifuko kinapopasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na sehemu kubwa ya waliopatwa na mkasa huo, kati ya theluthi na nusu, hupoteza maisha.

Ukubwa wa kifuko ndio unaotajwa kwanza. Hata hivyo, tafiti zimeonyesha kwamba vifuko viwili vyenye ukubwa uleule vinaweza kuwa na hatari tofauti kabisa, kwa sababu tu kimoja kiko mbele ya ubongo na kingine kiko nyuma.

Chini ya ubongo mishipa mikuu huungana na kufanya duara, lililopewa jina la tabibu Mwingereza Thomas Willis, aliyelieleza mwaka 1664. Vifuko vingi huota kwenye njia panda za duara hilo, ambako damu huigonga kuta kwa nguvu.

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wagonjwa ambao vifuko vyao havikuwa vimepasuka. Kwa wasiowahi kuvuja damu ubongoni, vifuko vya mbele vyenye milimita 7 hadi 12 vilipasuka kwa asilimia 2.6 katika miaka mitano. Vya ukubwa huohuo vilivyokuwa nyuma, pamoja na vile vya mshipa unaounganisha mbele na nyuma, vilipasuka kwa asilimia 14.5. Nchini Japani, utafiti wa mwaka 2012 uliohusisha wagonjwa 5,720 ulibaini kwamba kifuko cha mshipa unaounganisha pande mbili za mbele kina hatari takriban mara mbili ya kile cha mshipa wa kati wa ubongo. Kwa hiyo si kila kilicho mbele ni salama.

Kinyume chake ni kifuko cha mshipa mkuu wa shingo pale unapopita pembeni mwa mfupa, nyuma ya macho, kabla ya kuutoboa utando mgumu wa ubongo. Hapo hatari ni ndogo sana, na hata kikipasuka, kwa kawaida damu huingia kwenye vena zinazouzunguka mshipa badala ya kuufurika ubongo.

Mahali pia hutoa dalili. Kifuko cha mshipa unaounganisha mbele na nyuma hukaa karibu na neva ya jicho. Kikikua huibana, na mgonjwa huona kope imelegea ghafla na mboni imetanuka upande mmoja. Dalili hiyo ni ya dharura, wala si ya kusubiri miwani.

Mfano unaofahamika ni wa Joe Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 2021 hadi 2025. Februari 1988, akiwa seneta, alifanyiwa upasuaji wa kifuko kilichokuwa kimevuja damu. Mei mwaka huohuo akafanyiwa upasuaji wa kingine, upande wa pili, kabla hakijapasuka.

Kwa mkazi wa Lingeka, wilayani Meatu, tatizo huanza mapema zaidi. Kichwa kinachouma ghafla, kwa ukali ambao mtu hajawahi kuupata, pamoja na kutapika na shingo kukakamaa, ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au "presha". Kinachohitajika ni kipimo cha CT, na ikibidi rufaa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, yenye madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Hata tiba hufuata mahali. Vifuko vya mshipa wa kati mara nyingi hubanwa kwa kibanio cha chuma kupitia upasuaji wa fuvu. Vya nyuma, ambako kisu hufika kwa shida, aghalabu hujazwa nyuzi laini za platinamu zinazopitishwa ndani ya mshipa kutoka kwenye paja. Kifuko kidogo kilicho mahali penye hatari ndogo huweza kuachwa na kupimwa tena baada ya muda, mradi mgonjwa adhibiti shinikizo la damu na aache sigara.