Dawa ya hamu ya kula na bangi: mchanganyiko wa hatari kwa vijana wetu

Siproheptadini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Périactine, ni kidonge kidogo cha miligramu 4. Ni dawa ya aleji: mwili kuwasha, mafua, macho kutoka machozi. Kwa kuwa huongeza hamu ya kula, vijana wengi katika nchi yetu hukimeza bila kumwona daktari ili wanenepe. Huuzwa hata sokoni, na wazazi hukiona kama vitamini. Si vitamini. Hatari huzidi kijana anapokimeza kisha akavuta bangi, ile inayoitwa pia chanvre au diamba.

Kinachotokea mwilini

Kidonge hiki huleta usingizi, hukausha kinywa, hutia ukungu machoni, huzuia mkojo na hupunguza jasho, hata mwili ukashindwa kujipoza juani. Bangi nayo hulegeza mwili, huvuruga fikira na kuufanya moyo upige mbio. Vikikutana, usingizi na kuchanganyikiwa huzidi. Pombe ikiongezwa, hali huwa mbaya zaidi. Vidonge vingi kwa mara moja vinaweza kuleta degedege, kuzimia, hata kifo.

Isangi iko pale Lomami inapoingia katika Mto Kongo, na safari zetu nyingi ni za majini. Kijana anayesinzia akiendesha mtumbwi wenye mota au pikipiki anahatarisha pia maisha ya abiria wake.

Dalili za hatari

- Usingizi usioamshika
- Kuongea ovyo au kuona visivyokuwapo
- Moyo kwenda mbio, ngozi kavu yenye joto
- Kushindwa kukojoa
- Degedege

La kufanya

- Mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya. Usimwache alale peke yake ili "iishe".
- Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Usimpe kitu cha kunywa wala kumtapisha.
- Akipatwa na degedege, usimtie kijiko mdomoni.
- Beba boksi la dawa, na umwambie muuguzi yote aliyotumia, bangi pia.

Jambo hili la mwisho ndilo gumu. Dalili hizi hufanana na malaria ya kichwani, na wengine husema ni pepo. Muuguzi asipoambiwa ukweli, anaweza kutibu ugonjwa mwingine huku saa zikipita. Tuombe, ndiyo, lakini tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali.

Kijana anayeogopa kufukuzwa katika kwaya ataficha, na wenzake watamfichia. Basi wachungaji, wazazi na viongozi wa vijana, tuwaambie mapema, kabla ya shida: ukweli wako hautakufukuzisha. Na msichana anayetaka kunenepa asichekwe. Aelekezwe kwa muuguzi, maana kukonda kwenyewe kunaweza kuwa dalili ya minyoo, kifua kikuu au ugonjwa mwingine unaotibika.