Salimisho, Wala Si Uwasilishaji

Katika kurasa za michezo ambamo mashabiki wa mapigano ya mchanganyiko huandikiwa ubashiri wa nani atamshinda nani na kwa njia ipi, limekuwa likijirudia tamko ambalo mtu mwenye sikio la Kiswahili hawezi kulipita pasi na kusimama: kwamba fulani atashinda “kwa uwasilishaji”. Msomaji aujuaye mchezo, na simwandikii mwingine, atakisia kuwa makusudio ni yule aliyekabwa au kupopotolewa kiungo hata akampiga hasimu wake makofi mepesi ya kuomba basi. Walakini asiyeujua atadhani mabingwa hao walipanda ulingoni kusomeana taarifa za fedha. (Kuhusu wale wauitao mchezo wenyewe “sanaa za kijeshi”, kana kwamba vifaru na mizinga vimo, nitanyamaza leo.)

Asili ya kosa hili haina siri. Ilikaa kamati, ambayo jina lake nalihifadhi kwa adabu ingawa yenyewe haikunifanyia adabu hiyo, ikafungua kamusi ya Kiingereza, ikalikuta neno moja, submission, lenye maana mbili, kutoa waraka mbele ya mwenye mamlaka na kujitia chini ya mamlaka hayo, ikaichukua ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka maofisini. Kuwasili asili yake ni Kiarabu, wasala, yaani kufika na kuungana; awasiliye amefika, awasilishaye amefikisha, na kutokana na shina hilo hilo tumejaliwa pia mawasiliano. Hamna humo hata chembe ya kushindwa.

Ama shina la sini, lamu na mimu, hilo ni hazina. Salama ni kuepukana na madhara. Salamu ni kumtakia mwenzio salama hiyo. Sallama ni kukabidhi, na aslama ni kujitoa kwa aliye juu yako, ndipo Uislamu ukapata jina lake. Na wazee wetu, kwa werevu ambao haupatikani kwa kupiga kura kikaoni, walipokwisha kukitia kitenzi salimu katika maamkizi yao, hawakukiacha hapo, bali walikifungamanisha na amri wakapata kusalimu amri, maana yake kumwachia mshindi amri yote. Asalimuye amri hajafa wala hajavunjika: ametanguliza salama yake mbele ya fahari yake, na hayo ndiyo yasemwayo na yale makofi mepesi. Tukikivuta kitenzi hatua moja mbele tunapata kusalimisha, ambacho serikali zetu hukitumia kila ziwatakapo watu wasalimishe silaha; na kwa kanuni ile ile iliyotupa agizo kutokana na agiza, fundisho kutokana na fundisha, na onyesho kutokana na onyesha, linazaliwa salimisho, wingi wake masalimisho.

Pendekezo hili nililipeleka kwa wahusika kwa maandishi safi na kwa taadhima. Halikujibiwa. Baadaye nilipashwa habari kwamba neno langu lilionekana “lina dini mno”, hoja ambayo bila shaka ilitolewa na watu waliokifungua kikao chao kwa kusalimiana.

Tarikhi ya mchezo i upande wangu. Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Masahiko Kimura wa Japani aliupopotoa mkono wa Hélio Gracie hata ukavunjika, na Hélio akakataa katakata kusalimu amri, mpaka watu wa kona yake walipousimamisha mchezo kwa niaba yake. Mbinu hiyo ya kupopotoa mkono ingali ikiitwa Kimura hadi leo. Royce, mwana wa Hélio, usiku wa tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, katika shindano la kwanza la UFC, aliwashinda watu watatu, na wa kwanza wao, mwanandondi Art Jimmerson, aliyeingia na glavu moja tu mkononi, alikubali yaishe alipokwisha kukaliwa kifuani, kabla hata hajakabwa. Je, Jimmerson aliwasilisha nini?

Yuko mwandishi mmoja, mahiri katika mambo mengine, ashikiliaye kwamba kabali latosha kwa yote, na kwamba kijana wa Dar es Salaam aijuaye roba, au wa Nairobi aijuaye ngeta, hahitaji istilahi ya msomi. Maneno hayo matatu nayapenda, na kwa kukaba shingo sitaki mengine. Lakini kabali ni njia, salimisho ni hatima, na wapo waliosalimishwa kwa goti na kwa kifundo cha mguu.

Hoja nzito kuliko zote ya wanipingao ni ya aliyezimia: mtu asiye na fahamu, wasema, hawezi kusalimu. Tarehe 24 Oktoba 2020 huko Abu Dhabi, Justin Gaethje, akiwa amebanwa shingo kwa miguu ya Khabib Nurmagomedov, alipiga makofi ya kuomba basi, refa hakuyaona, akazimia. Refa alipotanabahi ndipo aliposimamisha. Hapa ndipo kitenzi changu kinapodhihirisha ubora wake, kwani kusalimishwa hakumngoji mtu aridhike: hilo nalipendekeza liitwe salimisho la refa, na Hélio wa mwaka 1951 awekwe fungu lilo hilo.

Kwa neno jingine la kurasa hizo hizo, usajili, sina ugomvi. Francis Ngannou alipohamia PFL mwaka 2023 magazeti yaliandika kwamba amesajiliwa, na sawasawa, maana sijili ya Waarabu, yenyewe ikihesabiwa kuwa ilitoka kwa sigillum ya Kilatini, yaani muhuri, imekuwa ikitia watu daftarini tangu zama. Hapo, kwenye meza ya mkataba, wakala na awasilishe atakacho.

Matumizi ni mepesi: “atashinda kwa salimisho, raundi ya pili”, “alimsalimisha kwa kabali”, “ana masalimisho manane”.