Ndiyo Iliyo Ndiyo

Katika Mathayo 5 Bwana Yesu anatukataza kuapa kabisa, naye Yakobo anarudia neno hilo katika waraka wake. Wengi wetu huisoma amri hiyo upesi na kupita.

Huko Uingereza walikuwako watu walioitii hadi gerezani, yaani Marafiki, waitwao Quakers. Mwaka 1664 George Fox alisimamishwa kortini mjini Lancaster, akapewa Biblia ili aape utii kwa mfalme. Akajibu kwamba kitabu kile kile alichoshikishwa ndicho kinachomkataza kuapa! Akafungwa. Mwaka huo huo Margaret Fell naye alikataa, akahukumiwa kunyang'anywa mali na kufungwa maisha. Alifunguliwa mwaka 1668. Mahakimu walijua vema kwamba hawa hawataapa. Kiapo kilikuwa mtego tu.

Je, ulikuwa ukaidi? Hata kidogo. Ikiwa mtu husema kweli kwa sababu ameapa, maneno yake ya sokoni na ya nyumbani yana uzito gani?

Mwaka 1696 Bunge liliwaruhusu kuthibitisha badala ya kuapa, ingawa si kutoa ushahidi katika kesi za jinai. Tena maneno waliyopewa yalimtaja Mungu, na baadhi yao wakaona hicho bado ni kiapo. Wakangoja hadi mwaka 1722 yalipobadilishwa.

Marafiki walifika kwetu, Kaimosi, mwaka 1902. Leo sheria ya Kenya pia inamruhusu shahidi ambaye imani yake inamkataza kuapa athibitishe tu, na ushahidi wake hupokewa sawasawa na wa aliyeapa.