Fedha za Kale Zinavyosimulia Historia ya Masasi na Newala

Sarafu na noti za kale ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu zinazohifadhiwa katika makumbusho duniani. Kwa wananchi wa Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kumbukumbu hizo huonesha nani alitawala, nini kiliuzwa na kodi ipi ilitozwa katika kila kipindi.

Sarafu za zamani zaidi zilizotengenezwa kusini mwa nchi ni za masultani wa Kilwa, waliozitoa kwa shaba karne kadhaa kabla ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1505. Sarafu hizo hazina mwaka, bali zina jina la sultani na maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa kwa vina. Masalia ya Kilwa, zikiwemo sarafu, ni sehemu ya hazina ya Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam.

Katika maeneo ya bara, hata hivyo, malipo yaliendelea kufanywa kwa vitu. Wamisionari wa UMCA walipofika Masasi mwaka 1876 chini ya Askofu Edward Steere, misafara ilinunua chakula na kuwalipa wapagazi kwa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na waya za shaba. Kutoka uwanda wa Makonde, mpira wa mwitu ulipelekwa katika bandari za Lindi na Mikindani kubadilishwa kwa bidhaa hizo.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia yake, iliyogawanywa katika pesa 64. Mwaka 1904 mgawanyo huo ulibadilishwa na rupia moja ikawa heller 100. Jina hilo ndilo asili ya neno “hela” linalotumika hadi leo.

Fedha hiyo iliambatana na shuruti. Kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 iliweza kulipwa kwa mazao mwanzoni, lakini baadaye serikali ya kikoloni ilisisitiza fedha taslimu. Mwananchi asiye na rupia alilazimika kuuza mazao au nguvu zake ili azipate. Kodi na kilimo cha lazima cha pamba vilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo vilifika Masasi na kuteketeza kituo cha misheni.

Mwaka 1906, vita vikiwa havijamalizika, mtafiti Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu vya asili kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, Ujerumani. Hivyo, sehemu ya urithi wa eneo hilo ipo nje ya nchi, jambo linaloongeza thamani ya kumbukumbu zilizobaki mikononi mwa wananchi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilileta shilingi mwaka 1921. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, na mwaka huohuo ikatoa shilingi ya Tanzania.

Leo fedha nyingi za wakulima wa Masasi na Newala hutokana na korosho, zinazouzwa kupitia vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo huingizwa katika akaunti za benki. Utaratibu huo una umuhimu zaidi ikizingatiwa kuwa noti huweza kuondolewa katika mzunguko. Noti za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, kuanzia ya shilingi 20 hadi ya 10,000, zilibadilishwa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Baada ya tarehe hiyo zilikoma kuwa fedha halali, na aliyekuwa amezificha ndani ya nyumba amebaki na kumbukumbu tu.

Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Mwananchi anayekuta sarafu za aina hiyo shambani au katika machimbo anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka husika, na asizisafishe wala kuziuza. Sarafu iliyoondolewa mahali ilipolala bila kumbukumbu hupoteza sehemu kubwa ya historia iliyobeba.