Kaseti za Hargeysa: Miaka Kumi ya Kutunza Sauti za Malenga

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali waliolitumikia jeshi la Mwingereza walipewa mahali pa kukaa Isiolo, nchini Kenya. Wengi wao walikuwa Waisaaq, watu wenye asili ya Somaliland. Ndiyo maana taasisi iliyotimiza miaka kumi mwaka 2024 huko Hargeysa, mji mkuu wa Somaliland, inaihusu Isiolo moja kwa moja. Kituo cha Utamaduni cha Hargeysa kinatunza kazi za malenga wa Kisomali, na sehemu kubwa ya kazi hizo haiko kwenye karatasi. Iko kwenye kaseti.

Kisomali kilipata mwandiko rasmi mwaka 1972 tu. Kabla ya hapo shairi lilikaa vichwani mwa watu, na kanuni zake zililisaidia kukaa: tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kila mmoja ulibeba neno lenye sauti ileile ya mwanzo, hivyo aliyepotewa na neno alijua pa kulitafuta. Wahifadhi walikariri neno kwa neno, na ilikuwa wajibu wao kumtaja mtunzi.

Kaseti ikaikuta jamii iliyozoea kusikiliza. Mwishoni mwa miaka ya 1970, malenga Gaarriye alitunga shairi la kukemea ukabila. Malenga wenzake wakamjibu, akiwemo Hadraawi aliyetoka kizuizini mwaka 1978, wote wakiifuata sauti ya D. Mlolongo huo unaitwa Deelley. Haukungoja mchapishaji. Watu waliunakili kanda kwa kanda, ukasambaa.

Mwaka 1988 ndege za serikali ya Rais Siad Barre wa Somalia zilipaa kutoka uwanja wa Hargeysa kwenyewe na kuupiga mji huohuo kwa mabomu. Baadhi ya kanda za Redio Hargeysa zilifukiwa ardhini zisiteketee. Nyingine zilivushwa hadi nchi jirani.

Jama Musse Jama, mwanahisabati aliyeishi miaka mingi Italia, alikuwa miongoni mwa waliorudi kujenga upya. Maonesho ya vitabu ya Hargeysa yalianza mwaka 2008, na mwaka 2014 kituo kikafungua milango. Leo kina zaidi ya kaseti 10,000 za mashairi, nyimbo na tamthilia.

Kuzihamishia kwenye kompyuta ni kazi ya subira, kwa kuwa kaseti ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja. Kaseti 10,000 za urefu huo, kwa mashine moja inayofanya kazi saa nane kwa siku, zingechukua siku 1,250. Wakati huohuo joto, vumbi na ukungu vinaendelea kuila kanda.

Kunakili peke yake hakutoshi. Mhifadhi lazima ajue nani anaghani, wapi, mwaka gani, na shairi linamjibu nani. Bila hayo, mtunzi hupoteza jina lake, jambo ambalo wahifadhi wa zamani wasingelikubali.

Isiolo ina Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na kila jamii ina waghani wake. Mwenye kanda ya babu au shangazi anaweza kuanza kabla ya kutafuta mashine yoyote: akae na wazee wanaoitambua sauti ile, aandike majina, mahali na mwaka, kisha karatasi hiyo aiweke ndani ya kasha la kaseti yenyewe.